Kutega Sikio: Je, Ni Wajibu Kujibu Kila Ujumbe?

Je, mtu mwenye kazi anao wajibu wa kusoma na kujibu kila ujumbe anaopelekewa? Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Wajerumani walipojenga boma la Gitega mwaka 1912, amri za serikali zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Aliyetaka kupeleka barua ilimbidi afikiri kwanza, kwani karatasi, wino na miguu ya tarishi vilikuwa na gharama yake. Siku hizi mtumaji hugusa kioo cha simu tu, na ujumbe huwafikia watu mia. Yafaa tutambue, hata hivyo, kwamba gharama ile haikutoweka. Imehama kutoka kwa mtumaji, ikamwangukia mpokeaji.

Tuchukue mfano wa mkuu wa shule katika mji wa Muyinga. Mji huu ulikuwa makao makuu ya mkoa hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2025, na sasa umo katika mkoa wa Buhumuza. Gitega, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, iko mbali naye kwa barabara, lakini kwa simu iko mfukoni mwake. Asubuhi hupata waraka kwa Kifaransa. Wazazi humwandikia kwa Kirundi. Mwaliko wa semina huja kwa Kiingereza. Na walimu wenzake wa ng'ambo ya mpaka wa Kobero humsalimu kwa Kiswahili. Juu ya hayo kuna vikundi vya WhatsApp, ambamo tangazo moja hurudiwa mara tano na kufuatwa na "asante" arobaini. Jioni mkuu huyo amesoma yote na hakuingia darasa hata moja. Tuseme alikuwa akifanya kazi, au tuseme alizuiwa kuifanya?

Wapo watakaojibu upesi: "Azime simu." Shauri hili ni jepesi mno, na si la haki kwa kila mtu. Mwenye cheo anaweza kuzima simu, na watu wakamngojea. Mwalimu mgeni kazini hawezi, kwa sababu katikati ya maneno mengi yasiyo na maana huenda pamefichwa tarehe mpya ya mtihani au habari ya mtoto aliyeugua. Hapo ndipo ulipo ubaya wa wingi wa habari. Licha ya kutuchosha, huificha ile moja iliyo muhimu, kisha lawama humwangukia yule aliyeshindwa kuiona.

Lugha zetu zina hekima juu ya jambo hili. Kiswahili hutofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia hutupata bila ya kutaka, bali kusikiliza ni tendo la hiari. Tena twasema "kutega sikio", nao Warundi husema "gutega amatwi", kwa kitenzi kile kile kitumikacho kwa mtego. Mwindaji hatandazi mitego msitu mzima. Huchagua njia apitapo mnyama, akatega hapo, akangoja. Anayetega kila mahali hana muda wa kwenda kutazama alichonasa. Basi usikivu ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha mengine. Mtaalamu wa Marekani Herbert Simon alieleza jambo lililo karibu na hili mwaka 1971, aliposema kwamba habari zinapozidi, kinachopungua ni usikivu wa wale wanaozipokea.

Serikali kadhaa zimejaribu kutafuta dawa. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inatambua haki ya mfanyakazi kutofuatwa na kazi nje ya saa zake. Nchini Kenya, mswada wa namna hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022. Hatua hizi ni njema, walakini sheria huhesabu saa tu. Haiwezi kutuambia ni neno gani lastahili kusemwa ndani ya saa hizo.

Karibu na Gitega kuna kilima cha Gishora, mashuhuri kwa ngoma zake za kifalme. Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma na pia ya ufalme, na ngoma hizo hazikupigwa na kila mtu wala kila wakati. Simaanishi kwamba wakubwa peke yao waseme na wadogo wanyamaze. Hilo lingekuwa dhuluma nyingine. Ninalolitaka ni uzito ule, yaani mpigaji ajue kwamba akipiga, watu wataacha majembe yao.

Kwa hiyo naona kwamba wajibu wa kwanza ni wa mtumaji, na kadiri cheo chake kinavyokuwa kikubwa ndivyo unavyozidi, maana ndiye asiyeweza kupuuzwa. Na aseme mara moja, mahali pamoja, kwa lugha ambayo msomaji ataifahamu, na la haraka alitenge na lisilo la haraka. Wajibu wa mpokeaji waja nyuma yake: kuweka saa za kusoma, na kumpa aliye mbele yake haki yake kabla ya aliye mbali.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Kila mwaka twafundisha ufupisho, na wanafunzi hudhani ni zoezi la kupunguza maneno ili wapate alama. Tuwaonyeshe kwamba ni adabu pia. Anayefupisha vema huchukua taabu yeye ili wenzake wapumzike, na hapo hurudisha kwa mtumaji ile gharama iliyohamishwa. Mwanafunzi akilielewa hilo leo, kesho atakapokuwa karani wa forodha Kobero au mkuu wa ofisi Gitega, walio chini yake watapata nafasi ya kufanya kazi.