Vifaru Ishirini Baharini

Nalisimulia kosa hili la rafiki yangu kwa sababu hata mimi nimelikaribia zaidi ya mara moja. Alikuwa akicheza Red Alert 2, gemu ya vita ya Westwood iliyotoka mwaka 2000. Alishika upande wa Washirika, mpinzani wake Wasovieti, na kati yao palikuwa na bahari.

Hovakrafti ya gemu hii inavutia kweli. Inakata maji, inapanda ufukweni na kuendelea nchi kavu bila kusimama. Ina nafasi 12: askari wa miguu huchukua moja, kifaru aina ya Grizzly huchukua tatu. Lakini haina silaha yoyote, na ikizama baharini, waliomo huzama nayo. Rafiki yangu alipakia vifaru 20 katika hovakrafti 5. Kifaru kimoja bei yake 700, hovakrafti 900. Jumla 18,500, yaani karibu akiba yake yote.

Dalili alizipata mapema. Askari wake arukaye angani, aliyemtuma kuchungulia pwani ya adui, alitunguliwa kabla hajafika mchangani. Sehemu ile ya ramani ikabaki nyeusi tii, naye akachagua kutua palepale. Manowari zake mbili zilikuwa zimetulia bandarini. Akasema zitafuata baadaye. Hili la manowari ndilo linaloniuma hadi leo. Tafadhali, wewe unayecheza, zitangulize. Ukiweza, penyeza jasusi kwenye mtambo wa umeme wa adui, maana minara ya Tesla, ile ya Wasovieti inayopiga radi, haipigi bila umeme.

Minara mitatu ya aina hiyo ilikuwa gizani ikimsubiri. Radi ya kwanza ilipopiga, mstari wa uhai wa hovakrafti ya mbele uligeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha nyekundu, kisha hovakrafti yenyewe ikatoweka na vifaru vyake vinne. Bado angeweza kugeuza zile nne zilizobaki. Hakugeuza, alijiona ameshayavulia maji nguo. Ni hapo ambapo wengi wetu huponzwa, tunapoona aibu kurudi nyuma.

Moja tu ilifika mchangani. Vifaru hushuka kimoja kimoja, na cha kwanza kilipokwisha kukanyaga mchanga, cha pili kilikuwa bado ndani radi iliposhuka tena.