Ufa Uliopakwa Rangi

Watu wengi waliopata kusafiri kwa lori kuukuu wanaijua ajali hii. Gari lapanda mlima, maji ya rejeta yamekwisha bila dereva kujua, injini yachemka hata yazimika. Utingo, kwa haraka ya kutaka safari iendelee, achota ndoo ya maji ya mtoni na kuyamimina yote mara moja. Husikika sauti kama ya chungu kinachopasuka. Tangu hapo bloki la injini lina ufa, na ufa huo watuletea swali: je, mwenye gari akiisha kuuziba, ni wajibu wake kumwambia atakayelinunua?

Kabla ya kujibu yafaa tukielewe chuma chenyewe, maana wengi hudhani kuwa chuma ni chuma tu. Bloki la injini nyingi za zamani ni la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ndani yake mna kaboni kiasi cha sehemu 2 hadi 4 katika 100, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa kama vipande vyembamba vya grafiti, ile ile iliyomo katika penseli za watoto wetu. Chuma hiki hustahimili sana kugandamizwa. Lakini kikivutwa au kikipigwa, huvunjika pasipo kukunjika. Kwa hiyo hakinyoshwi kwa nyundo, wala hakichomelewi ovyo: kikitiwa moto mahali pamoja na kuachwa kipoe upesi, ufa mmoja huzaa wa pili kando yake.

Fundi aijuaye kazi hutafuta kwanza mwisho wa ufa. Hupaka mafuta ya taa, akayafuta, kisha akapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari juu ya ule weupe, nao mara nyingi ni mrefu kuliko ulioonekana kwa macho. Hutoboa kitundu kwa keekee penye kila ncha, ili ufa usizidi kwenda. Wako wanaolipasha moto bloki zima, wakalichomelea, kisha wakalifukia katika majivu au mchanga mkavu lipoe polepole, hata kwa siku nzima. Wako wanaotumia vijiti vya nikeli na kuchomelea vipande vifupi vifupi, wakivigonga kwa kinyundo vingali moto na kungoja kabla ya kuendelea. Na wako wasiotumia moto kabisa, ambao hushona ufa kwa skrubu zinazoumana moja na nyingine mpaka umejaa. Kazi hiyo ikifanywa vema, injini yaweza kuendelea miaka mingi.

Twayasema haya kirefu ili msomaji asidhani kwamba twalaumu matengenezo. Wazee walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hiyo yanena juu ya kuziba. Juu ya kupaka rangi haisemi neno. Ipo kazi ya namna nyingine: gundi ya chuma yapakwa juu ya ufa wenye grisi bado, yasuguliwa kwa msasa, rangi mpya yapita juu yake, na gari laoshwa tayari kwa mnunuzi.

Swali letu si geni. Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, aliuliza kama mfanyabiashara aletaye ngano kisiwani Rhodes wakati wa njaa yampasa kuwaambia wenyeji kwamba meli nyingine zaja nyuma yake. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipambanua vizuri zaidi. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji si lazima aitangaze, mradi bei yake iwe ya haki. Bali kasoro iliyofichika, iwezayo kumtia mnunuzi katika hasara au hatari, yampasa kuisema: asimwuze farasi kilema kana kwamba ni mwenye mbio, wala nyumba ibomokayo kana kwamba ni imara.

Watu hutujibu: «Kila mtu ajua kuwa gari kuukuu lina ubovu, na atumie macho yake.» Haya, kiti kilichoraruka na bodi yenye kutu ni jicho moja la farasi, hatuna ugomvi navyo. Lakini macho ya mnunuzi hayapiti rangi, na rangi hiyo ilipakwa kwa sababu hiyo hiyo.

Gumu zaidi ni neno la ufa uliozibwa vema. Mtu aweza kusema kwamba kasoro imekwisha kuondolewa, basi hakuna cha kutangaza. Na hoja hiyo ina nguvu, hatuidharau. Hata hivyo twaona kwamba heri aseme. Mwenye gari mpya atahitaji kujua mahali pa kutazama kwanza maji yanapopungua, naye hawezi kupatazama asipopajua. Akiulizwa waziwazi, basi hapana shaka tena: kukana ni uongo. Kwamba bei itashuka na karo ya watoto ingali inadaiwa, twajua, nasi twamhurumia. Lakini ufa ulitokea mikononi mwake. Kwa haki gani atamhamishia hasara yake mtu ambaye naye, pengine, ameuza ng'ombe ili apate fedha hiyo?

Na fundi je, ambaye tajiri amemwambia anyamaze? Siri ya kazi ni wajibu wa kweli. Hatumwagizi azunguke sokoni akitangaza mambo ya gereji. Ila asikubali kupaka rangi ya kudanganya, na mnunuzi akimletea gari alikague, asimfiche.

Siri hiyo ina mpaka, nao ni uhai wa watu. Bloki likipasuka tena, gari lasimama njiani na watu walala porini. Dramu za breki nazo kwa kawaida ni za chuma hicho hicho cha kusubu. Lakini dramu yenye ufa ikivunjika katika mteremko, abiria waliolipa nauli yao hawakununua gari, hawakuulizwa, wala hawakuiona gereji. Dramu hiyo haichomelewi, hununuliwa nyingine. Tajiri akishurutisha, fundi akatae kazi. Je, aweza kuivunja ili isitumike? Hapana, si mali yake. Lakini dereva atakayelichukua gari hilo asubuhi yampasa kumwambia, hata akikatazwa, hata akipoteza kibarua chake.