NIYA NJEMA HAIONDOI DHAMANA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wako watu waachao makwao wakaenda nchi za mbali kuwasomesha watoto wa mashamba lugha ya Kiingereza, wala hawataki ujira. Arusha huwapokea wengi wa namna hii, watokao Ulaya na Marekani. Husomesha katika kata za mji, kama Engutoto, na katika vijiji vya mitelemko ya Mlima Meru. Wengine hukaa mwaka, wengine majuma machache tu. Na kijana wa Mombasa au wa Lamu aliyejaaliwa kuijua lugha hiyo huweza naye kuitamani kheri hiyo. Basi swali ni hili: je, niya njema yatosha kumsimamisha mtu mbele ya darasa?

Wako wasemao kuwa yatosha, kwani kidogo ni bora kuliko kukosa, na atoaye bure haulizwi. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini sheria haiyakubali. Wanazuoni wa fikihi wamesema ya kuwa mtu ajifanyaye tabibu naye hajui tiba, akimdhuru mgonjwa, dhamana ni juu yake. Wala haimwokoi kusema kwamba alikusudia kuponya. Niya yampa mtu thawabu ya kusudio lake, lakini haimwondolei mwenziwe madhara.

Na kusomesha ni mfano wa tiba, khasa huko. Watoto wengi wa vijiji vya Meru hukua wakisema Kimaa au Kimeru, kisha wakasomeshwa kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya skuli za msingi za serikali kwa kawaida. Lakini katika sekondari hesabu na jiografia na ilimu ya viumbe husomeshwa kwa Kiingereza. Basi aingiaye kidato cha kwanza na Kiingereza dhaifu hashindwi somo moja, bali hushindwa karibu yote, kwa kuwa swali lenyewe halielewi. Mgeni asiyejitayarisha huwaimbisha watoto hawa majina ya rangi na siku za juma, akaenda zake. Akaja wa pili, akaanza pale pale. Na mwalimu mwenyeji, aliyekuwa na mpango wake wa mwaka, amekalishwa kando. Muda wa mtoto umeliwa, wala hapana awezaye kuurudisha.

Mtume (s.a.w.) alipompeleka Mus'ab bin Umair Madina kabla ya Hijra, hakumpeleka ila mtu aliyekwisha kuijua Qur'ani atakayoisomesha, naye alipofika alishukia kwa As'ad bin Zurara, mwenyeji wa mji, akafanya kazi pamoja naye. Na mwaka 1961 Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps walipokuja Tanganyika, walikuwa wapimaji ardhi na wahandisi na wajuzi wa miamba. Nao walifunzwa kwanza kwao, kisha wakafunzwa tena Tengeru, chini ya Mlima Meru, ndipo wakaenda kazini. Ikiwa mpima barabara ametayarishwa hivi, vipi yule ashikaye akili ya mtoto?

Basi mwenye kutaka safari hii yampasa ajifunze kusomesha, kwani kuijua lugha si kujua kuisomesha. Ajifunze Kiswahili kama hakijui, apate kumweleza mtoto asipoelewa. Amwulize mwalimu mwenyeji haja yake kabla ya kufunga mzigo, na akubali kuwa chini yake. Akae muda wa kutosha kumaliza alichokianza. Achukue kibali cha ukaazi kiwapasacho wajitoleao, asiingie kwa visa ya utalii akafanya kazi, kwani kuvunja ahadi ya nchi iliyokupokea si ibada.

Atasema msemaji ya kuwa masharti haya yatawavunja moyo wenye kheri. Siyo. Asiyeweza kujitayarisha hajafungiwa mlango. Aweza kubaki kwao akanunua vitabu, au akasaidia masomo ya mwalimu mwenyeji, ambaye atakuwapo mgeni akiisha kuondoka. Kheri yake itafika, naye hatakuwa na dhamana shingoni. Ama yule asemaye niya yake ni njema, na taabu ya kujitayarisha haitaki, na aitazame tena niya hiyo: je, alimkusudia mtoto, au aliikusudia safari?

Wa billahi ttaufiq.