Mteja Asiyeweza Kukataa

Robert McNamara alikalia kiti cha rais wa kampuni ya Ford kwa wiki kama tano tu. Alikipata Novemba 1960, mtu wa kwanza asiye wa ukoo wa Ford kukishika tangu Henry Ford mwenyewe. Hata hajakizoea, John F. Kennedy, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshinda uchaguzi, akamwita awe Waziri wa Ulinzi wa Marekani. McNamara akaacha mapato makubwa na hisa zake, akakubali mshahara wa dola 25,000 kwa mwaka. Wanaosimulia maisha yake hulipita jambo hili mbiombio, wakakimbilia vita vya Vietnam. Mimi ndipo ninapopenda kutua. Mtu akitoka kwenye biashara akaingia serikalini, amebadilisha nini hasa: ofisi, mshahara, au maana ya kazi yenyewe?

Jibu tunalolisikia hata huku kwetu, hasa uchaguzi unapokaribia, ni kwamba hajabadilisha kitu. Serikali iendeshwe kama kampuni, wanasema, ipewe mtu anayejua mahesabu. Basi kwa mahesabu McNamara hakuwa na mpinzani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi yake ilikuwa kukokotoa ufanisi wa ndege za kivita, na mwaka 1946 yeye na wenzake tisa waliingia Ford kwa mkupuo, wakaikuta kampuni inayopoteza fedha na vitabu vyake vikiwa vurugu tupu.

Lakini tazama jinsi kampuni ile ilivyojua ukweli. Mwaka 1957 Ford ilitoa gari liitwalo Edsel, kwa matangazo ya kuziba masikio. Watu wakaenda madukani, wakalizunguka, wakaitazama ile pua yake ya wima ambayo wengi waliicheka, wakarudi nyumbani. Kufikia Novemba 1959 halikutengenezwa tena, na hasara ilitajwa kuwa karibu dola milioni 250. McNamara hakuwa na imani na gari hilo, na alisaidia kulizika. Sifa akapewa yeye. Mimi sifa ningewapa wale walioondoka dukani mikono mitupu. Hawakuandamana wala hawakuandika barua. Walikataa tu, na kukataa kwao kukapanda hadi ghorofa ya juu kabisa bila mtu wa katikati kupata nafasi ya kukupamba. Biashara asubuhi, jioni mahesabu.

Serikalini jioni hiyo inaweza isifike kwa miaka. Mkulima wa delta ya Mekong, huko Vietnam, hakuweza kuvizunguka vita, akavitazama, kisha akarudi nyumbani. Vita vilikuwa nyumbani kwake. Kuanzia 1962 wakulima wengi walihamishwa na kuingizwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, kwa usalama wao, waliambiwa. Pentagon, yaani wizara ya McNamara, isiyo na mauzo ya kuhesabu, ikahesabu maiti za adui. Mwaka 1967 ukaongezwa mpango wa kuvipima vitongoji: kila mwezi mshauri wa Kimarekani wilayani alijaza fomu, akikipa kila kitongoji alama kuanzia A hadi E, na kompyuta ikajumlisha. Jiweke kwenye viatu vya mshauri huyo. Ukiandika kwamba kitongoji kimeshuka kutoka B hadi D, wa kwanza kuulizwa alikuwa wapi ni wewe. Ukiandika kimepanda, hakuna anayekupigia simu. Hapo huhitaji hata kuwa mwongo, inatosha kuchoka.

Mtu mmoja alikataa kwa namna ambayo hakuna fomu ingeweza kuipokea. Tarehe 2 Novemba 1965 Norman Morrison, muumini wa dhehebu la Quaker, alijichoma moto nje ya Pentagon, karibu na dirisha la ofisi ya McNamara. Alikuwa amekuja na bintiye mchanga, ambaye alinusurika. McNamara alieleza miaka mingi baadaye kwamba jambo hilo hakulizungumza na mtu, hata na mkewe na watoto wake, ingawa alijua nao walikuwa na uchungu kama ule wa marehemu. Waziri aliyetaka kila kitu kiwekwe kwenye takwimu hakupata pa kuliweka hili.

Mwaka 1968 alihamia Benki ya Dunia, na huko ndiko alikokutana na sisi. Septemba 1973, katika jumba la mikutano la Kenyatta lililokuwa bado jipya, aliwahutubia magavana wa benki hiyo mjini Nairobi kuhusu ufukara wa vijijini. Naamini alimaanisha kila neno. Lakini hata hapo aliweka lengo la namba: kufikia 1985, uzalishaji wa wakulima wadogo uwe unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka. Alipoondoka mwaka 1981, mikopo ya benki ilikuwa imepanda kutoka kama dola bilioni 1 kwa mwaka hadi kama bilioni 12.

Moja ya matunda ya miaka hiyo lilikuwa kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kilijengwa kwa kuta za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro, na uzalishaji wake haukuvuka asilimia chache ya uwezo uliopangwa hadi kikafungwa mwaka 1990. Mzungu wa kununua viatu alikuwa na hiari ya kutovinunua. Mlipa kodi wa Tanzania aliyebebeshwa mkopo hakuwa nayo.

Silaumu kuhesabu. Mwaka 1972 McNamara aliona Afrika Magharibi watu wazima vipofu wakiongozwa na watoto kwa fimbo, na kuanzia 1974 benki yake ilisaidia vita dhidi ya upofu wa mtoni, kazi iliyofanikiwa sana. Pale kilichohesabiwa na kilichotakiwa vilikuwa kitu kimoja: mtu anaona au haoni, na hakuna afisa anayeweza kuona kwa niaba yake.

Mwaka 1995 alikwenda Hanoi, akakutana na Nguyen Co Thach, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Vietnam. Kwa masimulizi ya McNamara mwenyewe katika filamu The Fog of War ya 2003, nusura wapigane. Thach alimuuliza kama hajawahi kusoma kitabu cha historia. Watu waliopambana na Wachina kwa miaka elfu moja wangekuwaje vibaraka wa Wachina? Mvietnam yeyote angeweza kumuuliza hivyo mwaka 1961. Katika miaka saba ya uwaziri McNamara alikwenda Saigon mara nyingi, na kila mara alirudi Washington na takwimu.