Jina Chini ya Picha

Nilikuwa kidato cha tatu nilipomchora Lodi Lofa kwenye ukuta wa kinyozi mmoja pale Mfaranyaki, Songea. Nilimnakili kutoka gazeti kuukuu la Sani lililokuwa limebaki kwenye sanduku la mjomba. Nikalipwa shilingi elfu tano. Chini, pembeni, niliandika jina langu, na sikuona kosa. Rangi nilinunua mimi, mkono ulikuwa wangu.

Miaka baadaye nikajua kwamba Lodi Lofa, kama Madenge na Ndumilakuwili, alizaliwa kwenye kalamu ya Philip Ndunguru. Huku Ruvuma, ukiita "Ndunguru!" sokoni watageuka watu kadhaa, na mimi nilishakaa dawati moja na mmoja wao. Mchoraji huyo alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao, na ndiyo maana mimi, niliyezaliwa baada ya msiba ule, nilikua nikicheka vituko vya Madenge.

Je, ilikuwa haki? Hergé wa Ubelgiji, aliyembuni Tintin, alifariki mwaka 1983. Hakutaka mwingine aendeleze kazi yake, na tangu hapo hakuna mchoraji mwingine aliyeruhusiwa kumtungia Tintin kisa kipya. Wapo wanaosema hiyo ndiyo heshima kwa marehemu. Mimi nasita. Heshima ya namna hiyo ingeninyima Madenge.

Namkumbuka bibi. Alitusimulia visa vya Sungura ambavyo hakuvibuni yeye, na aliviongezea chumvi apendavyo. Lakini kila mara alianza kwa kusema, "Hiki alinipa mama." Hakuna aliyemwita mwizi. Kumwendeleza Sungura hakukuwa dhambi. Dhambi ingekuwa kujifanya kisima wakati wewe ni ndoo.

Mwaka jana nilirudi kwa kinyozi na kopo dogo la rangi. Lodi Lofa alikuwa amepauka, jina langu bado linasomeka.

"Mdogo wangu, achana nalo," kinyozi alisema. "Wateja wanamjua Lodi Lofa, inatosha."

Nikaandika hata hivyo: *Lodi Lofa wa Philip Ndunguru.* Mzee aliyekuwa ananyolewa akainua kichwa. "Ndunguru yupi? Wa Mbinga?"

Nilishindwa kumjibu. Nilichojua ni kazi yake tu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani, jambo jingine likanikaba. Gazeti lile la mjomba huenda lilitoka baada ya 1986. Kama ni hivyo, mistari niliyoinakili ilikuwa ya mkono wa mtu mwingine kabisa, mmoja wa wale waliompokea Ndunguru mzigo. Naye alikesha, naye alikuwa na jina. Sikulitafuta wakati ule, na sasa ukurasa wenyewe ulishachanika. Deni moja nimelipa kwa kopo la rangi. Hili la pili sijui nilipeleke ukuta gani.