Tuwakumbushe kwa Upole

Asubuhi hii tuwafikirie wazee wetu wanaouliza mara ya pili: "Hivi dawa nimeshameza?"

Tusiwajibu kwa kufoka. Kikasha cha dawa chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, humaliza swali hilo: chumba cha leo kikiwa kitupu, dawa imemezwa. Funguo na miwani viwe na mahali pamoja karibu na mlango, na asivihamishe mtu. Kalenda kubwa itundikwe ukutani, siku ya kliniki izungushiwe wino mwekundu. Dawa ya usiku iendane na jambo asilolisahau mzee: taarifa ya habari ya saa mbili, au swala ya isha.

Ila mzee mwenyewe ashirikishwe. Kilichopangwa bila yeye hatakitumia.

Na akianza kupotea njia aliyoizoea, tusiseme "ni uzee tu." Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Apelekwe hospitali.

Waliotulea kwa kutukumbusha kila kitu wanastahili nasi tuwakumbushe kwa heshima. Kabla hujatoka leo, muulize mzee wako ni lipi linalomponyoka, mlipange pamoja.