Mto Msimbazi hauulizi dini ya mtu

 

Ndugu zangu, niliwauliza wanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu: Taka za mtaani kwetu huenda wapi? Mmoja akajibu bila kusita: "Ustadhi, mvua ikinyesha mto huzichukua." Nikamuuliza: Huzipeleka kwa nani? Darasa zima likanyamaza.

Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Jangwani, na huingia baharini Salenda. Anachotupa wa juu humfika wa chini. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji la Dar es Salaam kwa moshi na uvundo wa dampo, na Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Lakini baadaye dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Uchafu haukuisha, ulibadilisha jirani tu.

Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote.

Wapo watakaouliza: Sisi na watu wa kanisani tutakaaje kikao kimoja? Nawakumbusha Hilful Fudhul. Kabla ya kupewa utume, Muhammad (s.a.w.) alihudhuria mapatano hayo Makka, nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, ya kumtetea aliyedhulumiwa. Baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa tena angeitikia. Na mtoto anayeugua kipindupindu kwa sababu ya uchafu wetu amedhulumiwa, awe Juma au John.

Basi tuanze na nafsi zetu. Baada ya futari na maulidi, chupa na vikombe vyetu vya plastiki huishia wapi? Tukishasafisha kwetu, kamati ya msikiti iwaalike wazee wa kanisa, wachinjaji wa machinjioni, mama lishe, waokota chupa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakubaliane mambo matatu: taka zikusanywe wapi, nani azizoe, na kila mmoja achangie nini. Tusingoje mafuriko ndiyo yatukutanishe.